Ulikubali Mwenyewe

Mwezi uliopita niliombwa nitafute vijana 10 wa kuchimba vyoo katika bloku zetu. Kazi ilikuwa ya wiki tatu, malipo kwa siku, na mimi kama mhudumu wa vijana ndiye ningepeleka majina. Kabla ya jioni nilikuwa na majina 27. Kambi ndivyo ilivyo. Kazi ikitajwa asubuhi, saa sita imeshajaa.

Wenzake walipoondoka, mmoja alibaki nyuma. Ana miaka 19, mama yake anaumwa, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Akaniuliza, "Kaka, hayo mashimo yana kina gani? Hayawezi kuanguka mtu akiwa ndani?" Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu, "Kazi ni kazi. Ukitaka, ukubali. Usipotaka, kuna wengine." Akakubali. Hata alinishukuru.

Usiku huo usingizi ulikataa, kwa sababu jibu hilo halikuwa langu. Nililisikia Busia miaka mitano iliyopita, kutoka kwa mtu ambaye niliapa sitafanana naye maishani.

Kwa hiyo leo naandika juu ya jibu hilo. Swali langu ni moja: mtu mwenye njaa akikubali kazi ya hatari, je, kukubali kwake kunamwondolea lawama yule aliyempa kazi? Na kuna swali dogo linalofuata nyuma, ambalo kwangu ndilo chungu zaidi. Nitalifikia.

Wengi wetu tuliopita njia ya Uganda tunaijua Busia. Ni mji mmoja wenye nchi mbili. Unakunywa chai upande huu, unanunua mkate upande ule. Malori yanapanga foleni, boda boda zinapita katikati yake kama sisimizi, na tangu mwaka 2018 kuna kituo cha pamoja cha mpaka ambapo karatasi za nchi zote mbili zinashughulikiwa mahali pamoja. Ukienda kaskazini kwa upande wa Uganda unafika Tororo, mji wa ule mwamba mkubwa na kiwanda cha simiti. Asubuhi mawingu yakiondoka unauona Mlima Elgon, ambao wenyeji wengine wanauita Masaba. Kuna Wasamia, Wateso, Wajopadhola, Wagisu, na sisi tuliotoka mbali. Kiswahili ndicho kinatuunganisha, hasa kwenye mjengo.

Nilifika pale na mjomba wangu baada ya kumaliza sekondari kwenye makazi ya wakimbizi Uganda. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutafuta kazi, kwa hiyo sikuwa najificha. Nilipata kibarua kwenye jengo la ghorofa tatu, maduka chini na vyumba juu. Waganda walituita mapota. Waliovuka kutoka upande wa Kenya walijiita watu wa mkono. Kazi ni ile ile: kuchota maji, kukoroga simiti, kupandisha matofali na karai. Kwa siku, shilingi 15,000 za Uganda.

Nilijifunza mambo mengi haraka. Nilijifunza kwamba simiti mbichi inakula ngozi. Siku ya kwanza unaona ni uchafu tu, unaupangusa. Siku ya tatu vidole vimepasuka na huwezi kushika ugali wa moto. Nilijifunza kwamba vumbi lake likiingia kifuani kila siku, kikohozi hakingoji uzee. Nilijifunza pia kwamba stoo ilikuwa na kofia ngumu tatu, na hizo tatu zilikuwa za injinia na wageni wake. Sisi tulivaa kapelo, na miguuni akala.

Sasa niwaambie siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, usiku mvua ilikuwa imenyesha. Jukwaa letu la kusimamia lilikuwa la miti ya mikaratusi, limefungwa kwa kamba na misumari. Mti mmoja ulikuwa umepasuka karibu na chini. Nilikuwa nimeuona tangu Jumatatu. Wenzangu wawili walikuwa wameuona pia, na hata tulifanya utani juu yake. Foromani akanituma nipande na karai la simiti. Nikamwambia, "Foromani, mti ule umepasuka. Mimi sipandi."

Hakunikasirikia. Hicho ndicho kitu ninachokikumbuka sana, kwamba hakukasirika. Alisema tu, "Kazi ni kazi. Ukitaka, ukubali. Usipotaka, kuna wengine." Kisha akatazama juu ya bega langu na kumwita kijana mmoja aliyekuwa na siku mbili tu pale.

Nitamwita Mdogo, maana ndivyo tulivyomwita. Alikuwa ametoka kijijini upande wa Tororo, miaka 17 au 18. Kabla ya kuchukuliwa alikuwa amesimama getini siku tatu mfululizo akiomba nafasi. Alikuja mbio. Akapokea karai kutoka mikononi mwangu. Mimi nilimpa. Sikusema neno.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza mara nyingi. Niliogopa kwamba nikiongea zaidi nitaambiwa ninatisha watu na kufukuzwa. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Kweli nyingine ni kwamba nilimkasirikia, ati amekuja kuchukua nafasi yangu. Nilisema moyoni, haya, panda basi.

Haikupita nusu saa. Mti uliteleza na kukatika, mbao zikafunguka, Mdogo akaanguka kutoka ghorofa ya pili juu ya rundo la kokoto. Hakufa. Alivunjika paja na nyonga. Alibebwa kwenye boda boda, mmoja mbele na mmoja nyuma wakimshikilia, jambo ambalo leo najua ni hatari kwa mtu aliyevunjika hivyo, lakini siku ile hatukujua na hapakuwa na gari. Jumamosi mama yake alikuja. Foromani akampa shilingi 50,000 na kumwambia kwa heshima kabisa, "Pole mama. Lakini hakuna aliyemlazimisha. Alikubali mwenyewe." Fundi mmoja mzee akaongeza, "Ajali haina kinga."

Mama aliuliza kitu kimoja tu. Aliuliza kama kuna mtu alimwambia mtoto wake kwamba mti ni mbovu. Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

Tuanze na maneno ya yule mzee. Ajali haina kinga. Wote tumelelewa na methali hii. Inafariji kwa sababu inaondoa lawama kwa kila mtu kwa mara moja. Lakini wahenga hao hao walisema tahadhari kabla ya hatari. Na walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mbona kwenye mjengo, mahali penye nyufa na kuta za kweli, tunakumbuka methali moja tu, ile inayotuachia tusifanye kitu?

Mti ulipasuka Jumatatu. Mtu akaanguka Alhamisi. Katikati kulikuwa na siku tatu. Kubadilisha mti ule ilikuwa kazi ya nusu saa kwa watu wawili, na mti mpya bei yake haifiki hata mshahara wa siku wa hao wawili. Jambo lenye siku tatu za kulizuia, lililoonwa na watu watatu, haliwezi kuitwa ajali kwa maana ile ya methali. Lina tarehe yake ya kuanza.

Hata mambo makubwa huwa hivyo. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo refu lililokuwa linajengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo vibarua na watoto waliokuwa wanacheza karibu. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la makazi la Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 45. Hilo la Huruma lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama kukaliwa. Mvua ilipata lawama, lakini mvua ile ilinyeshea majengo mengi usiku huo, na mengi yalibaki yamesimama.

Sisemi hakuna ajali kabisa. Mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado nyoka akatoka kwenye matofali. Ninachosema ni kwamba neno ajali ni la kutumia mwisho, baada ya kuuliza maswali yote. Sisi tunalitumia kwanza, ili maswali yasiulizwe.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe: ulikubali mwenyewe.

Neno hili lina nguvu kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mdogo alikubali kweli. Hakufungwa kamba. Alikuja mbio. Na mtu akinijibu kwamba kijana maskini naye ana akili na ana haki ya kuchagua kazi yake, nitamuunga mkono. Sisi wakimbizi tunajua vizuri uchungu wa kuamuliwa kila kitu na watu wengine, ati kwa faida yetu. Sitaki kuandika kana kwamba mwenye njaa hana uwezo wa kusema ndiyo. Tukisema hivyo, tutakuwa tumemnyang'anya kibarua kisha tumemnyang'anya na heshima.

Lakini tuangalie, alikubali nini hasa?

Fikiria mtu anayepelekwa kufanyiwa upasuaji. Daktari anakaa naye, anamweleza watakata wapi, kuna hatari gani, kuna njia nyingine au hakuna. Ndipo mgonjwa anaweka sahihi. Akifa kwa sababu ugonjwa ulikuwa mkubwa, tunasema alijua na alikubali. Lakini akifa kwa sababu kisu kilikuwa na kutu, je, kuna mtu atainua ile karatasi na kusema "alikubali mwenyewe"? Hapana. Alikubali upasuaji. Kutu haikuwa kwenye karatasi.

Na kwenye mjengo ni hivyo hivyo. Kuna hatari za aina mbili. Ya kwanza ni ile inayobaki baada ya watu kuwa waangalifu: jengo ni refu, jua ni kali, matofali ni mazito. Ya pili ni ile inayokuja kwa sababu mtu fulani ameokoa pesa au muda. Anayekubali kibarua anakubali hatari ya kwanza. Ile ya pili hakuiuza, kwa sababu hakuna aliyekuja kuinunua kwake. Mdogo alikubali urefu wa jengo. Hakukubali ufa wa mti, kwa sababu hakuujua.

Na hata angeujua? Tuseme foromani angemwambia, mti umepasuka, unapanda au hupandi? Naamini angepanda. Alikuwa amesimama getini siku tatu. Hapa ndipo watu wengi wanasema, basi, alijua, yamekwisha. Mimi nasema hayajaisha. Kukubali kuna maana pale ambapo kukataa kunawezekana. Kipimo changu ni rahisi: akikataa hili moja, je, kesho bado ana kazi? Kama jibu ni hapana, ile "ndiyo" yake haikutoka kwake peke yake, nusu yake ilitolewa na tumbo. Na mwenye kazi anajua hivyo. Ndiyo maana anasema "kuna wengine". Maneno hayo mawili hayamwambii kijana chochote juu ya hatari. Yanamwambia tu bei yake, kwamba yeye ni rahisi kupatikana.

Nimegundua kwamba sheria zimeshaliona jambo hili kabla yangu. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Uganda ina ya kwake ya 2006. Zote zinamwekea mwajiri wajibu wa kulinda watu kazini. Kwa sheria ya Kenya, mfanyakazi anapaswa kutoa taarifa ya hatari kubwa mara moja, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha mtu mahali pale kabla ya kurekebisha. Sheria ya Uganda nayo inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari. Na Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliweka mazingira salama ya kazi kwenye orodha ya haki za msingi, pamoja na kukataza kazi ya kulazimishwa na ajira ya watoto. Maana yake hii si zawadi ya bosi mwenye roho nzuri. Ni haki, na haki za namna hii mtu haziuzi hata akiwa na shida.

Lakini sheria hizo hizo zinanifundisha kitu kingine kuhusu Busia. Kwa sheria ya fidia ya Kenya ya 2007, mtu akipata kilema kamili cha kudumu kazini anahesabiwa mapato ya miezi 96. Kwa sheria ya fidia ya Uganda ya 2000, ni mapato ya miezi 60. Mji ni mmoja, simiti ni ile ile, unavuka kwa miguu dakika tano, na mgongo wako umepungua miezi 36. Sisemi hivi kuilaumu Uganda, nchi iliyonipokea. Nasema ili tuone kwamba bei ya mtu ni kitu kinachoandikwa na watu. Zamani sana, karibu miaka 3,700 iliyopita, mfalme Hammurabi wa Babeli aliandika sheria kwamba nyumba ikianguka na kumuua mwenye nyumba, fundi aliyeijenga auawe. Ikimuua mtumwa, fundi atoe mtumwa mwingine, basi. Tunaposoma tunashangaa. Lakini "kuna wengine" inatofautiana wapi na "toa mtumwa mwingine"? Zote mbili zinasema mtu huyu akiharibika, anabadilishwa.

Sasa nifike kwenye lile swali dogo.

Kwa miaka kadhaa nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyefanya sawa. Nilikataa. Nilitumia haki yangu kabla hata sijajua kwamba iko kwenye sheria. Nilisema ukweli mbele ya foromani. Nikiwasimulia watu habari hii niliishia hapo, na watu walinisifu. Sehemu ya karai sikuisimulia.

Lakini hatari haiondoki mtu mmoja akiondoka. Inabaki pale pale inangoja mwingine, na huyo mwingine mara nyingi ni mgeni kuliko wewe, mdogo kuliko wewe, ana shida kuliko wewe. Mti haukupata nguvu kwa sababu mimi nimekataa kuupanda. Nilichofanya ni kutoa mwili wangu chini ya hatari na kuupisha mwili wa Mdogo. Na tena niliupisha kwa mkono wangu mwenyewe.

Kuna atakayeniambia, usijitese, wewe ulikuwa kibarua tu, lawama ni ya mwenye jengo na foromani. Nakubali sehemu kubwa. Lawama si mkate wa kugawana sawasawa. Mwenye pesa za kununua mti mpya ana lawama kubwa kuliko asiye nazo. Foromani mwenye uwezo wa kusimamisha kazi ana kubwa kuliko pota. Ni vibaya sana kumwambia maskini "mbona hukusema" wakati kusema kungemgharimu chakula cha jioni. Mara nyingi semina za usalama zinafanya kosa hilo. Zinamfundisha kibarua kuwa mwangalifu, na hazimfundishi bosi chochote.

Hata hivyo, lawama ndogo nayo ni lawama. Mimi sikuwa na pesa za mti, lakini nilikuwa na maneno manne: mdogo wangu, mti umepasuka. Hayo hayakuhitaji pesa. Labda angepanda tu. Labda angepanda kwa upande mwingine, au angeshika nguzo ya ukuta. Labda tungekuwa wawili wa kukataa, na wawili ni vigumu kidogo kuwaambia "kuna wengine". Sitajua. Ninachojua ni kwamba mama yake aliuliza swali lenye jibu, na jibu lilikuwa mimi.

Kwa hiyo leo naamini hivi. Haki ya kukataa ni nusu. Nusu ya pili ni kumwambia anayekuja baada yako. Ukikataa kimya kimya, umejiokoa, na hiyo si dhambi, lakini usiite jambo hilo ujasiri.

Turudi kambini. Hapa hatuna ghorofa nyingi. Tuna mashimo. Tunachimba vyoo, tunachimba udongo wa matofali, tunapandisha mabati juu ya nyumba upepo ukivuma. Shimo linaonekana kitu kidogo kuliko ghorofa kwa sababu halina urefu wa kutisha. Lakini udongo wa mita moja kila upande una uzito wa tani moja na nusu au zaidi, yaani kama mifuko 30 ya simiti ikikuangukia kwa pamoja. Ukifukiwa hadi kifuani kichwa kikiwa nje, bado unaweza kukosa pumzi, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka. Udongo wetu wa mchanga karibu na laga hausimami wenyewe, na baada ya mvua ndiyo usiseme. Shimo refu linaweza kuwa na hewa mbaya chini, mtu akazimia. Mwenzake anaruka ndani kumwokoa, naye anazimia. Hivyo ndivyo shimo moja linavyoua watu wawili au watatu, na wa pili na wa tatu ndio waliokuwa na moyo mzuri zaidi.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Walimaanisha kwamba anayetega wengine hunaswa. Kwenye mashimo yetu ni kinyume. Anayeamua shimo lichimbwe haingii kabisa. Kuna mfadhili, kuna shirika, kuna kontrakta, kuna kontrakta mdogo wa yule kontrakta, kuna mtu kama mimi anayepeleka majina, halafu mwishoni kuna kijana mwenye sururu. Kila mmoja katika mnyororo huo anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba si yeye aliyemshusha kijana shimoni. Na kijana akiulizwa, atasema alikubali mwenyewe.

Ndugu zetu mnaofanya kazi katika mashirika, mnasoma jarida hili, na nasema hivi bila chuki. Mnapokuja kutazama mradi mnauliza: mmechimba mangapi, mmebakiza mangapi? Hayo ni maswali mazuri. Ongezeni mengine mawili: mwenye shimo amelipwa kwa siku au kwa shimo? Na kamba iko wapi? Anayelipwa kwa shimo atachimba upesi na hatatega mbao, kwa sababu mbao zinamla muda na muda ni chakula chake. Na kofia zikionekana siku ya picha tu, sisi tunaona, hata kama hatusemi.

Asubuhi baada ya usiku ule nilimtafuta yule kijana wa miaka 19. Nikamwambia, "Jana uliniuliza swali la maana na mimi nikakujibu vibaya. Nisamehe." Alishangaa. Nadhani alifikiri nimekuja kulifuta jina lake. Kisha nikaenda kwa msimamizi wa kazi. Sikwenda peke yangu, tulikwenda sita. Tuliomba mambo matano: mbao za kushikilia kuta shimo likipita urefu wa kiuno, udongo uliochimbwa uwekwe mbali na mdomo wa shimo angalau hatua mbili, asiwepo mtu ndani bila mtu wa juu mwenye kamba, kazi isimame siku ya mvua, na malipo yabaki kwa siku.

Tulipata matatu siku hiyo. Mbao zilifika baada ya siku nne, na siku hizo nne tulichimba mafupi tu. Malipo ya siku ya mvua hatukupata mpaka leo, na hilo ni tatizo, kwa sababu mtu asiyelipwa siku ya mvua ataombea mawingu yapite hata akiwa shimoni. Kazi iliyopangwa wiki tatu ilikwenda karibu tano. Vijana wawili waliondoka wakaenda mahali wanapolipa kwa shimo, wakaniambia usalama wangu unawachelewesha. Siwezi kuwadharau. Wana watoto. Nilichofanya ni kuwaambia kuhusu udongo na mbao kabla hawajaondoka, wakanicheka kidogo, wakaenda.

Yule kijana alichagua kukaa juu na kamba siku za kwanza. Baadaye alishuka mwenyewe, akiwa ameona jinsi mbao zinavyokaa. Safari hii naweza kusema kwamba alikubali.

Mdogo sijaonana naye tena. Jengo lile la Busia lilikwisha, na nimeambiwa maduka ya chini yanauza simu. Kama kuna msomaji anayepitia njia ya Tororo na anamjua kijana wa umri wangu anayechechemea, aliyeanguka mjengoni mwezi wa mvua, namwomba amfikishie kwamba mtu aliyempa karai alikuwa anajua. Hiyo haitanyoosha mguu. Lakini mama yake aliuliza, na ana haki ya kujibiwa.

Na wewe unayepeleka majina kama mimi, kijana akikuuliza kuhusu shimo, usimwambie kuna wengine. Mwambie kina chake.